UZI: Dhahabu iliyoondoka Rosterman na makaa ya mawe ambayo bado yako Mui

1. Ukikaa kwenye mjadala wowote wa siasa Kitui au Makueni, iwe ni kwenye matanga, redioni au kwa kibanda cha chai pale Wote, kuna sentensi tatu lazima uzisikie. "Tuna utajiri chini ya miguu na bado tunalala njaa." "Wakija kuchimba, sisi tutafukuzwa." Na ya tatu: "Madini ni ya serikali, wewe una udongo wa juu tu." Leo tuzipitie zote tatu. Kama kawaida ya ukurasa huu, hakuna mwanasiasa wa leo tutamtaja wala chama. Tunafuata suala lenyewe. Vuta kiti, uzi ni mrefu.

2. Nitaanzia mbali na Ukambani. Nitaanzia Kakamega. Sababu ni moja: sisi huku tunabishana kuhusu mgodi mkubwa ambao haujafunguliwa. Wao waliuona ukifunguliwa, wakauona ukifungwa, na hadi leo wanaishi juu ya mashimo yake. Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Sasa hebu tukaangalie huyo mwenzetu alinyolewaje.

3. Nilienda Kakamega kwa harusi ya rafiki, nikabaki siku moja zaidi ili nione Rosterman. Kijana wa bodaboda alinicheka. "Unataka kuona nini huko, kaka? Ni magugu tu." Ni kweli, magugu ni mengi. Lakini kuna mtaa mzima ambao hadi leo unaitwa Rosterman, jina la kampuni iliyoacha kuchimba mwaka 1952. Watoto wanazaliwa hapo, wanasoma hapo, na anwani yao ni jina la mgodi uliokufa kabla babu zao hawajaoa.

4. Mzee mmoja alinionyesha mahali ambapo mdomo wa shimo umezungushiwa miti ili ng'ombe wasiingie. Akagonga ardhi kwa fimbo, akaniambia: "Kijana, hapa chini ni kama kichuguu cha mchwa. Juu unaona shamba, chini ni barabara." Mita chache kutoka hapo, akina mama walikuwa wameketi wakiponda mawe kwa nyundo. Mawe yakisagwa, unga wake unaoshwa kwa maji, halafu zebaki inatumika kuikamata ile dhahabu kidogo iliyomo. Kwa mikono. Bila glavu.

5. Sasa turudi nyuma. Mwaka 1931 Kenya ilikuwa koloni iliyofilisika. Mdororo wa uchumi wa dunia ulikuwa umeporomosha bei ya mahindi na kahawa, na nzige wakamaliza yaliyobaki. Walowezi wengi walikuwa na madeni benki. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Uingereza ikaiondoa pauni kwenye kiwango cha dhahabu. Maana yake kwa lugha rahisi: pauni ikashuka thamani, na dhahabu, ukiiuza kwa pauni, ikapanda bei. Mtu mwenye deni la pauni alikuwa na kila sababu ya kuota dhahabu.

6. Ndipo mlowezi mmoja Mmarekani aliyekuwa na shamba upande wa Turbo, L. A. Johnson, akapata dhahabu karibu na Kakamega. Habari zikasambaa kama moto wa kiangazi. Mamia ya Wazungu wakaacha mashamba yao, wakapiga mahema kandokando ya mito. Serikali ikamleta mtaalamu wa miamba, Albert Kitson, mwaka 1932 akague. Ripoti yake ikawapa watu matumaini makubwa. Kukawa na shida moja tu: ardhi ile ilikuwa na wenyewe.

7. Kakamega ilikuwa ndani ya rizavu ya North Kavirondo, mojawapo ya sehemu zilizojaa watu kuliko zote Kenya. Na miaka miwili tu kabla, mwaka 1930, serikali ya kikoloni ilikuwa imepitisha sheria ya amana ya ardhi za wenyeji. Sheria hiyo ilisema rizavu ni za matumizi na faida ya Waafrika milele. Ikasema pia kwamba kipande kikimegwa kwa sababu yoyote, kipande kingine cha ukubwa uleule kiongezwe, na baraza la wenyeji lielezwe kwanza. Kwenye karatasi, hapo mwananchi alikuwa amelindwa.

8. Halafu dhahabu ikatokea. Desemba 1932, kwa siku chache tu kabla ya Krismasi, baraza la kutunga sheria la Nairobi likabadilisha ile sheria. Ardhi ikihitajika kwa uchimbaji, serikali sasa iliweza kuimega bila kutoa ardhi nyingine badala yake. Fidia ingekuwa pesa. Na ile lazima ya kulieleza baraza la wenyeji kwanza ikaondolewa kwa ardhi ya migodi. "Milele" ilidumu miaka miwili. Nikisikia mtu anauliza kwa nini wazee hawaamini ahadi za serikali kuhusu ardhi, huwa namwambia aanzie hapo.

9. Tusije tukadhani kila mtu alinyamaza. Jambo hili lilizua kelele kubwa hadi London. Februari 1933 bunge la Uingereza lilijadili Kakamega, na wapo Waingereza waliosema wazi kwamba serikali imevunja ahadi yake mara tu ahadi hiyo ilipoanza kuwa na gharama. Waliotetea walijibu kwamba ardhi inachukuliwa kwa muda tu, kwamba dhahabu ikiisha itarudishwa, na kwamba wenyeji watapata kazi na soko la mazao yao. Soma tena majibu hayo matatu: ni ya muda, mtarudishiwa, mtapata kazi. Umeyasikia wapi majuzi?

10. Sasa fikiria Mluhya wa wakati huo. Shamba lake si kiwanja. Ndimo alimozikwa baba yake, ndimo watakamogawana wanawe. Anakuja mtu na vigingi, anapima, anamwambia atalipwa kwa mimea na nyumba. Kwa kilicho chini halipwi kitu, kwani sheria ilisema madini ni ya Mfalme wa Uingereza. Hofu hiyo ilienea kuliko hata ardhi iliyochukuliwa. Miaka hiyohiyo vikaanza vyama vya kutetea ardhi huko North Kavirondo. Siasa ya ardhi ya magharibi mwa Kenya ilichochewa sana na dhahabu.

11. Na dhahabu yenyewe je? Wachimbaji wadogo wa Kizungu wengi walirudi mikono mitupu. Dhahabu ya mtoni iliisha haraka, na iliyobaki ilikuwa ndani ya mwamba, ambako lazima uwe na mtaji, mashine na pampu za maji. Kampuni zikachukua nafasi. Kubwa kuliko zote ilikuwa Rosterman Gold Mines, iliyochimba tangu katikati ya miaka ya 1930 hadi 1952 na kutoa zaidi ya aunsi laki mbili za dhahabu. Waafrika walishuka humo kama vibarua.

12. Kwa nini mgodi kama huo ulifungwa? Tangu 1934 Marekani ilikuwa imeifunga bei ya dhahabu kwa dola 35 kwa aunsi, na bei hiyo ikakaa hapohapo hadi 1971. Baada ya vita kuu ya pili, vyuma, mafuta na mishahara vilipanda, na mwamba wenye dhahabu ukawa unafuatwa chini zaidi kila mwaka. Bei imesimama, gharama zinapanda, shimo linazama. Hesabu ya kampuni ikikataa, kampuni inafunga vitabu na kuondoka. Kampuni ina mahali pa kwenda. Kijiji hakina.

13. Hadithi hiyohiyo iko Migori. Mgodi wa Macalder ulitoa shaba, dhahabu na fedha, ukafungwa mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru. Pale pia vijana wanaendelea kufukua mabaki. Hivyo tusidanganyane kwamba hili lilikuwa tatizo la rangi ya mkoloni peke yake. Bendera ilibadilika, lakini mgodi ukiisha uliendelea kuisha vilevile: mashimo yanabaki kwa wenyeji, na hakuna aliyewekewa pesa kando ya kuyafunika.

14. Nilimuuliza yule mzee kama kuna kitu chochote kizuri mgodi ule ulileta. Hakusita. Alisema watu walijifunza kazi. Kulikuwa na mishahara. Soko lilichangamka. Halafu akasema jambo ambalo sijalisahau: "Tatizo ni kwamba hela ilikuwa ya mwezi, na shimo ni la milele." Siku hizi vijana wanashuka kwa kamba na tochi kufuata mishipa iliyobaki. Mara kwa mara udongo unaporomoka, watu wanafukiwa, habari inatoka siku mbili kwenye runinga, basi. Wiki inayofuata shimo lina watu tena, kwa sababu njaa haisomi magazeti.

15. Haya, turudi nyumbani. Kuna watu wanaongea kana kwamba Mkamba aliyajua madini jana. Si kweli. Wahunzi wa Kikamba walikuwa wakikusanya mchanga mweusi wenye chuma kutoka mitoni, wakauyeyusha, wakafua vichwa vya mishale, majembe na ile mikufu myembamba iliyowapa sifa. Misafara ya Kitui ilibeba pembe za ndovu hadi Mombasa karne ya 19. Mmisionari Krapf alipofika Kitui kwa mfanyabiashara mkuu Kivoi mwaka 1849, alikuta watu wanaojua bei ya vitu pwani. Akiwa hapohapo Kitui, tarehe 3 Desemba, ndipo akauona Mlima Kenya.

16. Na tunajua pia serikali inapokuja na "mpango kwa faida yenu" inakuwaje. Mwaka 1938, wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni ya leo, iliamriwa kupunguza mifugo. Sababu iliyotolewa ilikuwa mmomonyoko wa udongo, na mmomonyoko ulikuwepo kweli. Lakini ng'ombe walikamatwa na kuuzwa kwa lazima, na kiwanda cha nyama kilikuwa kinawasubiri Athi River. Maelfu ya Wakamba, wanawake na watoto wakiwemo, wakaenda hadi Nairobi na kukaa huko kwa wiki kadhaa wakidai kuonana na gavana.

17. Kiongozi wao alihamishiwa Lamu kizuizini. Leo ukipita Muindi Mbingu Street katikati ya Nairobi, jina hilo ni lake. Serikali iliishia kuacha uuzaji wa lazima. Ninalileta hili kwa sababu lina somo ambalo pande zote mbili za mjadala wa leo zinalikwepa. Shida iliyotajwa na serikali inaweza kuwa ya kweli, na njia iliyotumiwa ikawa bado ni dhuluma. Ukisema "huyu anapinga maendeleo" kwa kila anayeuliza maswali, unarudia kosa la 1938. Ukisema hakuna shida yoyote na tubaki tulivyo, unamdanganya pia mama anayetembea na mtungi.

18. Sasa Mui. Bonde la Mui liko Kitui mashariki, kuanzia pande za Zombe kupanda kuelekea Mwingi. Serikali ilianza kutafuta makaa ya mawe huko mwishoni mwa miaka ya 1990, ikachoronga visima vingi, ikatangaza kwamba yapo. Bonde likagawanywa vitalu vinne: A, B, C na D. Mwaka 2011 kampuni ya Kichina ya Fenxi ikachaguliwa kuchimba vitalu C na D, na mwishoni mwa 2013 mkataba wa kugawana faida ukatiwa sahihi. Watu wakaanza kuhesabu kazi, barabara na fidia. Wengine wakaacha kujenga nyumba za kudumu: utajengaje mahali unapoambiwa utahamishwa?

19. Wakazi wakaenda mahakamani, wakisema hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ikatoa uamuzi. Ombi lao lilikataliwa. Lakini ndani ya hukumu hiyohiyo majaji waliandika misingi ya ushirikishwaji wa umma ambayo imenukuliwa kwenye kesi nyingi tangu hapo: kwamba wananchi wapewe taarifa ya kutosha na inayoeleweka, kwamba wanaoguswa zaidi wapewe nafasi zaidi ya kusikika, na kwamba kuwakusanya watu ili wapige makofi hakutoshi. Kwa hiyo watu wa Mui walishindwa kesi, na Wakenya wengine wakapata silaha kupitia kwao. Wachache wanawashukuru.

20. Zaidi ya miaka 10 imepita na biashara ya makaa ya mawe Mui haijaanza. Mtambo wa umeme wa makaa uliopangwa Lamu, ambao ulitajwa kama soko la makaa hayo, ulifutiwa leseni ya mazingira na mahakama maalum ya mazingira mwezi Juni 2019. Dunia nayo inazidi kuyakimbia makaa. Matokeo yake ni hali ambayo naiona mbaya kuliko kuchimbwa na mbaya kuliko kukataliwa: kusubiri. Mzazi hajui apande miembe au asipande. Kijana hajui ajenge au asijenge. Mgodi ambao haujachimbwa unaweza kumgharimu mtu pia.

21. Tuje kwa sentensi ya tatu: madini ni ya nani? Katiba ya 2010, kifungu cha 62, inasema madini ni sehemu ya ardhi ya umma. Sheria ya Madini ya 2016 inasema yako mikononi mwa serikali ya kitaifa kwa amana, kwa niaba ya wananchi. Neno la kushika hapo ni amana. Mtu akikuachia mbuzi wake kwa amana, huyo mbuzi hajawa wako. Unamlisha, na siku mwenyewe akiuliza, unamjibu. Anayesema "madini ni ya serikali" na kuishia hapo amemeza nusu ya sentensi.

22. Kabla ya 2016 tulikuwa tunatumia sheria ya madini ya mwaka 1940. Ndiyo, 1940, ya mkoloni. Ilidumu miaka 53 baada ya uhuru. Wote waliotuongoza katika miaka hiyo, wa kila upande, waliikuta na wakaiacha. Kwa hiyo mtu yeyote akikuambia kwamba upande wake umekuwa ukipigania haki za jamii za wachimbaji tangu zamani, muulize kwa upole tu: tangu lini?

23. Sheria mpya inagawa mrabaha hivi: asilimia 70 serikali ya kitaifa, 20 kaunti, 10 jamii ya mahali madini yanapotoka. Hapa ndipo mikutano mingi inapotosha watu. Utasikia "mtapata asilimia 10 ya madini yenu". Hapana. Ni asilimia 10 ya mrabaha, na mrabaha wenyewe ni kipande kidogo cha mauzo. Tufanye hesabu ya mfano. Madini yameuzwa shilingi bilioni 1. Tuseme mrabaha ni asilimia 5, hiyo ni milioni 50. Nairobi inachukua milioni 35, kaunti milioni 10, jamii milioni 5.

24. Milioni 5 kati ya bilioni 1 ni nusu ya asilimia moja. Inaweza kuwa pesa nzuri kwa kijiji, sikatai. Lakini ijue kwa ukubwa wake halisi kabla hujapiga vigelegele. Pia kuna kanuni za mwaka 2017 zinazomtaka mchimbaji mkubwa kuweka makubaliano ya maendeleo na jamii, na kutoa angalau asilimia 1 ya mauzo ghafi kila mwaka. Kwenye mfano wetu hiyo ni milioni 10, mara mbili ya ule mgao unaoimbwa kila siku. Umewahi kusikia ikitajwa kwenye mkutano wa hadhara? Na usisahau: sheria ilipita 2016, lakini mgao wa mrabaha ulichelewa miaka mingi kuanza kufika mashinani.

25. Fidia ya ardhi nayo ni jambo jingine, tusichanganye. Katiba, kifungu cha 40, inasema ardhi yako ikichukuliwa ulipwe kwa haki, kikamilifu na bila kucheleweshwa. Hiyo ni tofauti kubwa na 1932. Lakini fidia hufuata karatasi. Sehemu kubwa ya Mui ilikuwa haijapimwa na watu hawana hatimiliki, ingawa familia zimekaa hapo vizazi na vizazi. Mwanamke aliyeolewa hapo miaka 40, jina lake halipo popote. Mathembo, yale mahali pa kuombea pa wazee, na makaburi, yataandikwa wapi kwenye fomu? Ukitaka kumsaidia mtu wa Mui leo, msaidie apate karatasi kabla ya bei.

26. Makueni wana hadithi yao, na madini yao makubwa ni mchanga. Usicheke. Majengo ya Nairobi yamesimama kwa mchanga wa Ukambani. Malori yalikuwa yanaingia usiku kwenye mito kama Thwake na Kaiti, na mgogoro huo umeua watu. Lakini mto wetu wa msimu unahifadhi maji ndani ya mchanga wake. Mvua ikiisha, mchanga ndio tangi. Ukichota mchanga wote hadi kwenye mwamba, maji ya mvua yanapita siku moja yanaenda zake, na mama anaanza kuchimba kisima mbali zaidi kila wiki.

27. Mwaka 2015 kaunti ya Makueni ikapitisha sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga. Uvunaji ukawekewa masharti na chombo cha kuusimamia, na mabwawa ya mchanga yakaendelea kujengwa mitoni. Je, wizi umekwisha? Haujaisha. Lakini tazama swali lilivyogeuzwa. Badala ya "tutauza kwa bei gani?" watu waliuliza "ukibaki hapa una thamani gani kwetu?" Kakamega mwaka 1932 hakuna aliyewapa watu nafasi ya kuuliza hivyo.

28. Nawe unayetaka mgodi ufunguliwe, nakusikia. Kitui Kusini kuna chokaa kule Kanziku, kuna chuma Ikutha, na kuna vijana wamemaliza chuo wanabeba mawe kwa siku. Kumwambia kijana huyo "subiri, hifadhi mazingira" huku wewe una mshahara ni ule msemo wa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Haki ya kutaka kazi ni haki. Ninachoomba ni kwamba anayekuahidi kazi akuandikie: ngapi, za nani, kwa miaka mingapi, na baada ya hapo nini.

29. Kwa hiyo siku baraza likiitwa kijijini kwenu, liwe la makaa, chokaa, chuma au mchanga, nenda na maswali matano kwenye karatasi. Moja, taarifa ya mradi iko wapi kwa Kikamba au Kiswahili, na tumepewa siku ngapi kuisoma? Mbili, asiye na hatimiliki atahesabiwaje? Tatu, asilimia mnayotaja ni ya nini hasa: ya mauzo, ya faida au ya mrabaha? Nne, mradi ukisimama kwa miaka mitano, nani atatulipa kwa kusubiri? Tano, nani ameweka pesa ya kufunika shimo, kiasi gani, na iko benki gani leo?

30. Hilo la tano ndilo huwa linanyamazisha meza kuu. Nililifikiria siku ile Rosterman, nikiangalia ile miti iliyozungushiwa shimo. Niliuliza ni nani aliiweka, nikidhani ni kaunti au wizara. Mzee akaniambia ni yeye na jirani yake, baada ya ndama kutumbukia. Miti ikioza wanakata mingine. Kampuni iliondoka 1952, na ukarabati wa ua ule bado unafanywa na watu wawili kwa panga lao.

31. Uzi umeishia hapo. Kama uko Mui, Zombe, Kanziku, Kibwezi au Kakamega, ongeza hapa chini ulichokiona kwa macho yako. Hasa wale ambao wamewahi kukaa kwenye hayo mabaraza: mlipewa karatasi gani, na mlisaini nini? Tafadhali msitaje majina ya wanasiasa. Tunataka yaliyotokea.